Aliyesoma Chumbani Kabla Yangu

Gatina, Kawangware,
Nairobi.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiweka mwanzo kabisa ili uipokee vizuri, maana tangu nifike huku sijamwamkia mtu nikaitikiwa marahaba. Siku za mwanzo nilijaribu. Nilimwamkia mzee mmoja fundi viatu anayekaa chini ya nyumba yetu, akanitazama, akasema, "Poa. Wewe je?" Tangu hapo nikajifunza kusema "sasa" na "niaje" kama wenzangu, ingawa kwa mtu wa umri wako ulimi bado unagoma.

Goti linaendeleaje? Mafuru aliniambia baridi ya asubuhi imelishika tena, na wewe hutaki kuacha kushuka mwaloni, kule ufukweni, kuanika dagaa. Mwache Mafuru abebe ndoo, ndiyo kazi ya mwana. Na yule mbuzi mwenye doa jeupe, alizaa salama? Mimi huku ni mzima. Nasema mzima kwa siku ya leo. Ya wiki zilizopita ndiyo yaliyonifanya nichukue karatasi badala ya simu.

Wifi Nyasatu, wewe unayemsomea mama, tafadhali soma polepole na usiruke utakapoona panatisha. Mama huwa anamjua mtu aliyeruka mstari kama anavyolijua jiwe kwenye wali.

Mama, uliponipigia ukasema sauti yangu inatoka kama ya mtu aliyeinamia mtungi, nikakujibu kwamba ni mtandao. Haukuwa mtandao. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeweza kuketi. Nilijua nikikwambia utamtuma Mafuru aje kunichukua siku hiyo hiyo, na mimi nilitaka kwanza nielewe nilichopitia. Sasa nimeelewa kidogo, acha nikusimulie.

Nakaa ghorofa ya tatu katika ploti moja ya Gatina. Huku nyumba ya kupangisha ndiyo wanaiita ploti. Vyumba vimepangwa pande mbili za ukumbi mrefu, bomba la maji liko mwisho wa ukumbi, na kamba za kuanikia nguo ziko juu ya paa. Changu ni chumba kimoja: kitanda, meza ninayoandikia, na nyuma ya pazia mtungi mdogo wa gesi wa kupikia. Kuta ni nyembamba. Mtu akivunja yai chumba cha pili unalisikia.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, na nakumbuka ulivyouliza, "Mtu anaandika, halafu?" Halafu ni hivi. Sina ofisi wala bosi. Anayehitaji maneno ya Kiswahili ananitafuta, nayaandika, nampelekea. Leo tangazo la sabuni la kusomwa redioni, kesho maelezo ya dawa ya minyoo, keshokutwa hadithi ya watoto. Hadithi za watoto ndizo zinazoniweka mjini. Zinatoka kwa mama mmoja mhariri mwenye ofisi ndogo juu ya duka la dawa kule Olympic, pembeni mwa Kibera. Nikiwa na kazi ya kumpelekea natembea kwa miguu, navuka Barabara ya Ngong, nafika nina vumbi hadi magotini. Anakipenda Kiswahili changu kikiwa kwenye karatasi, kikitoka mdomoni anacheka. Nilimwandikia hadithi ya paka aliyeiba dagaa, akalikata neno kwa kalamu nyekundu.

"Hapa weka omena," akasema. "Mtoto wa hapa Kibera, wa Soweto West, ukimwambia dagaa atafikiri ni jina la mtu."

Basi hao dagaa wako huku ni omena, mama. Nilipowaona sokoni Kawangware kwa mara ya kwanza niliinama nikawanusa mbele ya watu, mpaka muuzaji akauliza kama nataka kununua au kuomba. Nawapika ulivyonifundisha: nawaosha kwa maji ya moto, nawakaanga mpaka waanze kulia kwenye sufuria, kisha kitunguu, nyanya, na karanga za kusaga mwishoni. Unga wa mahindi wa huku ni mweupe mno, ugali wake haunishibishi moyo. Nimempata mama wa Busia anayeuza unga wa muhogo na mtama, nauchanganya.

Na wakati napika, nasoma. Unakumbuka baba, Mungu amrehemu, alivyokuwa akitusomea vipande vya magazeti yaliyofungia sukari, wewe unasonga ugali? Nimekuwa yeye. Kila nilichoandika mchana nakisoma kwa sauti alasiri nikiwa jikoni, kwa sababu kosa ambalo jicho limelipita, sikio hulikamata. Mkono mmoja unashika mwiko, mwingine karatasi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Niliona kwamba nikianza kusoma, ukumbi unanyamaza. Si kunyamaza kwa mtu anayesikiliza. Redio ilizimwa. Mlango ulifungwa. Watoto waliokuwa wakicheza waliitwa ndani kwa sauti ya chini. Nikimaliza, muda ukipita, maisha yanarudi kama kwamba kuna mtu amepita na sasa ameshaondoka. Nikitoka kuchota maji, waliokuwa bombani wananipisha wote, hata aliyekuwa wa kwanza. Hakuna aliyenitukana. Lakini hakuna aliyeniuliza jina.

Chumba cha ubavuni anakaa mjane mmoja kutoka Bungoma, Mama Nafula, mnene, mwenye sauti ya kanisani, anayepika chapati na maharagwe kibandani kwake kando ya barabara. Huyo ndiye niliyetamani kumzoea, maana anatembea kama shangazi. Siku moja nikampelekea bakuli la dagaa. Alinifungulia, akalitazama bakuli kuliko alivyonitazama mimi.

"Asante," akasema, akalipokea na kufunga mlango.

Kesho yake nililikuta mlangoni kwangu, limefunikwa kwa sahani, halijaguswa hata samaki mmoja. Mama, nililia. Nikajiambia, ndiyo, ni ugeni. Wanasikia Kiswahili changu, wanaona mtu wa kutoka Tanzania amekuja kula riziki yao. Niliishi na uchungu huo bila kumwambia mtu.

Kisha kukawa na kubisha. Siku ambazo sikupika au sikusoma, labda nina kazi ya kuandika kimyakimya, alasiri ingefika na mlango wangu ungebishwa, taratibu, kama kwa kucha. Nauliza, "Nani?" Kimya. Nafungua, ukumbi mtupu. Kiatu hakisikiki. Mara ya kwanza nikadhani ni watoto. Ilipojirudia na kujirudia, nikaanza kuogopa chumba chenyewe. Kwenye ukuta juu ya kitanda pana alama nne za misumari, na katikati yake rangi ni mpya kuliko pengine, mahali palipokaa picha ya mtu. Nilikuwa naitazama ile nafasi kama inanitazama. Nikamuuliza Mogaka, msimamizi wa ploti, kijana wa Kisii mwenye maneno machache, nani aliyekaa hapa kabla yangu.

"Dada fulani," akasema. "Alihama."

Alisema hivyo huku akitazama ndoo yake.

Ikaja homa. Ilianza kama uchovu, nikaipuuza, nikaendelea kuandika. Baadaye nilijua ni taifodi, lakini wakati huo nilichojua ni kwamba kuta zilikuwa zinasogea. Sikupika. Sikusoma. Nakumbuka nilitaka maji, nikashuka kitandani, na miguu haikuwepo. Nililala pale sakafuni, shavu kwenye saruji, na saruji ilikuwa baridi nzuri. Nikasikia kubisha. Nikasema moyoni, ndiye yule, leo amekuja kunichukua, na wala sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha sasa nikilikumbuka, mama. Kwamba sikuogopa. Nilitaka tu amalize haraka.

Lakini safari hii kubisha hakukuisha. Kuligeuka ngumi, kisha kiganja chote, kisha sauti ya mwanamke ikapiga kelele.

"Akinyi! Akinyi, fungua! Haki fungua, mimi sikuwa nimekasirika!"

Nikataka kumwambia kwamba mimi si Akinyi. Ulimi haukuinuka.

"Mogaka! Leta kitu ya kuvunja! Leta saa hii!"

"Mama, pengine ametoka, si tungoje kidogo..."

"Ulisema hivyo hivyo ile siku ingine! Vunja!"

Mlango uliachia kitasa, mwanga ukaingia, na Mama Nafula akapiga magoti pale sakafuni akanishika uso. Alikuwa na unga wa chapati mpaka viwikoni.

"Ako hai," akasema, kwanza polepole, kisha akawapigia kelele watu wa ukumbini. "Woi, ako hai! Ni moto kama jiko, lakini ako hai!"

Mogaka akanibeba mgongoni ngazi zote mpaka kliniki ya mtaa. Mama Nafula alikuwa nyuma yetu, ameninyanyua miguu isiburute. Alikaa nami kliniki siku ile na zilizofuata, kibanda chake kimefungwa. Nilipoanza kuona vizuri nilimkuta kwenye kiti kando yangu, akichambua mboga kwenye kanga yake kama yuko kwake.

Nikamuuliza, "Akinyi ni nani?"

Akaacha mboga.

Akinyi, mama, ndiye aliyekaa chumbani kwangu. Alikuwa fundi wa kushona, ameweka cherehani palepale nilipoweka meza yangu. Hakuwa na mume wala mtoto, alikuwa wa makamo, mwenye pumu. Kanisani kwao alikuwa ndiye msomaji, na kwa kuwa aliogopa kukosea mbele za watu, alifanya mazoezi kila alasiri huku akipika. Akipika omena. Ukumbi mzima ulimsikia. Jumapili wakienda makanisa yao tofauti, walikuwa wameshalijua somo la kanisa lake kwa moyo.

"Tulikosana," Mama Nafula akaniambia. "Ni mambo ya kamba ya nguo, haina maana. Yeye alisongesha nguo zangu, nikamtusi. Tukaacha kusalimiana. Sasa siku hiyo nikasikia anakohoa. Alikuwa anakohoa vibaya. Nikasema, akitaka msaada si ataniita? Nikaongeza redio. Halafu hakusoma tena. Nikasema, amenuna. Mogaka akasema pengine ametoka. Mpaka akavunja mlango kwa sababu ya harufu."

Akachukua tena jani la mboga, akaendelea.

"Wewe ulipoingia ukaanza kusoma na ile harufu ya omena, mimi nilikaa chini. Mimi najua wewe si yeye. Lakini masikio haijui. Na zile siku hukusoma ndiyo mbaya zaidi. Ilibidi nibishe nisikie kama kuna mtu. Ukiuliza nani, nakimbia."

"Na dagaa wangu?"

"Yeye alikuwa ananiletea bakuli. Kabla tukosane. Ningekula aje?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Muda wote nilipokuwa nikimwogopa mtu asiyeonekana mlangoni, ploti nzima ilikuwa ikiniogopa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mzimu wao, mama. Nilirudi chumbani nikiwa nimekonda, na sikujua tena niishije humo. Nikisoma, natoa sauti ya marehemu. Nikinyamaza, jirani yangu anakufa kwa hofu. Nilifungasha nguo zangu. Sikukwambia, lakini nilizifungasha.

Ndipo Mogaka akaja mlangoni, mkono kwenye mwimo wa mlango mpya.

"Kuna mama fulani ako chini," akasema. "Ni mama yake Akinyi. Ametoka ushago, kijijini kwao Siaya, anakaa kwa dada yake Kibera. Anauliza kama utamkubalia aingie kwako kidogo. Ukikataa, anasema ataelewa."

Alipanda ngazi peke yake, akipumzika kila ghorofa. Watu wao humwita Nyar Alego, maana yake binti wa Alego, kule alikozaliwa. Mwembamba, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, viatu amevivua amevishika mkononi. Nilimwamkia shikamoo bila kufikiri. Hakujua kujibu, lakini alielewa, akaniwekea kiganja kichwani. Akasimama katikati ya chumba. Akaziona zile alama za misumari.

"Hapo kulikuwa na picha yangu," akasema.

Nilimpa kiti. Hakukaa. Akanieleza alichokuja kufanya kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Walimzika Akinyi nyumbani Siaya, ng'ombe wakachinjwa, mchungaji akaomba. Lakini tangu hapo anamwota amesimama nje ya ua, amebeba kitambaa cha kushona, haingii.

"Waliniletea mwili," akasema. "Yeye mwenyewe alibaki huku. Sasa nimekuja kumchukua. Hii si mila ya mtu, usifikirie ni uchawi. Ni moyo yangu tu. Mchungaji wangu akisikia atanikemea, lakini mchungaji hajazaa."

Mama, nilipomtazama sikumwona yeye. Nilikuona wewe. Nilikuona na goti lako ukipanda ngazi za watu usiowajua, ukiomba ruhusa kwa mgeni uingie chumba nilichofia, ukikagua misumari. Nikasema, "Karibu, mama. Hapa ni kwako."

Akaomba apike kwanza, kwa sababu mtoto haitwi akiwa na njaa. Akatoa omena kwenye mfuko wake, na maziwa ya mgando. Alipika tofauti nawe, bila karanga, akamalizia kwa maziwa mpaka mchuzi ukawa mzito na mchachu. Nilimsongea ugali. Harufu ikatoka ukumbini, na kama kawaida ukumbi ukanyamaza. Kisha nikasikia hatua, na Mama Nafula akaingia bila kubisha, akaanguka miguuni pa yule mama.

Alimwambia yote. Kamba ya nguo, tusi, kukohoa, redio. Hakujipunguzia hata neno. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko na sikujua nigeukie wapi. Nyar Alego alimsikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono akapunguza moto wa gesi.

"Hiyo siku alisoma?" akauliza.

"Alisoma, mama. Kabla ya kukohoa."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Nyar Alego akainama akamshika Mama Nafula mkono, akamvuta, akamkalisha kitandani kwangu, naye akakaa kando yake.

"Basi wewe ndiye mtu wa mwisho kusikia sauti ya mtoto wangu," akasema. "Mimi nilimsikia kwa simu wiki moja kabla ya hapo na tuliongea mambo ya mbolea. Kaa hapa. Niambie alisomaje."

Na Mama Nafula, ambaye kumbe somo lile la mwisho lilikuwa limemkaa kichwani muda wote, akaanza kumwonyesha. Akamwambia alivyokuwa akirudia sentensi moja mara nyingi, alivyojicheka mwenyewe alipokosea, alivyovuta pumzi kabla ya majina magumu ya miji ya zamani. Akaiga sauti yake. Yule mama alifumba macho, machozi yakateremka bila yeye kuyafuta, na mdomo ulikuwa unatabasamu. Nilitaka kutoka niwaachie chumba, akanishika kanga nisiondoke. Tukala sote watatu sahani moja. Mama Nafula alikula mpaka akaramba kidole.

Baada ya kunawa, Nyar Alego akasimama akafungua mlango wazi kabisa. Jua la alasiri lilikuwa limeingia mpaka mguu wa meza. Akaita, si kwa kelele, kwa sauti ile unayoniitia mimi nikiwa nimezama kwenye kitabu na chakula kinapoa.

"Akinyi nyathina, bi, wadhi dala."

Maana yake, mwanangu Akinyi, njoo, twende nyumbani. Aliita, akangoja. Akaita tena. Kisha akageuza uso kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake atangulie, akatoka.

Siwezi kukwambia niliona kitu, mama. Sikuona. Lakini nakwambia walichofanya watu. Milango yote ya ukumbi ilikuwa wazi na kila mtu amesimama kwenye kizingiti chake, na walimpisha yule mama kwa upana wa watu wawili. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake nyuma asiikanyage ile nafasi. Nyar Alego alishuka akizungumza kwa Kijaluo, polepole, na pale kwenye kidato cha ngazi kilichomeguka alisimama akanyoosha mkono pembeni, kama unavyomshika mtu asijikwae. Mogaka alikuwa langoni. Alivua kofia.

Nilimbebea mfuko, tukatembea mpaka Kibera, yeye hakutaka pikipiki. Njia nzima aliacha nafasi kati yetu, na mimi niliiacha pia, hata pale Barabara ya Ngong penye msongamano ambapo watu walitaka kupita katikati yetu. Soweto West nyumba zimebanana, mabati kwa mabati, unapita ubavu. Pale alipita kwanza, akageuka, akangoja, kisha akanipungia mkono nipite na mimi. Dada yake alikuwa ameandaa chai. Aliweka vikombe vinne mezani bila kuuliza.

Wakati wa kuagana nilimuuliza nililokuwa nimelibeba.

"Mama, mimi nihame pale?"

Akafikiri. "Ile nyumba inajua jina moja tu," akasema. "Ukirudi, iambie lako. Kwa nguvu. Halafu usome zako."

Dada yake alinisimulia baadaye kwa simu kwamba kesho yake kwenye basi la Siaya, kijana mmoja alitaka kukaa kiti cha kando yake, naye akaweka kiganja juu ya kiti hicho, akasema, "Hapa pana mtu." Akaulizwa yuko wapi, akasema, "Amelala." Wakamwacha.

Mimi nilirudi Gatina jua halijazama. Nilisimama katikati ya chumba nikasema jina langu, la kwangu na la baba na la babu, kwa nguvu, mpaka Mama Nafula akaitikia kutoka upande wake, "Tumesikia!" Nikacheka. Nikawasha gesi, nikachukua hadithi ya paka, nikaanza kusoma. Na mama, hapo ndipo nililia kuliko nilivyolia kwa bakuli la dagaa. Maneno yalikuwa yanaangukia sakafuni. Nilikuwa nimezoea kusikilizwa na sikujua. Wakati ule wote nilipokuwa nikiogopa, kumbe nilikuwa na mwenzangu jikoni, na sasa chumba kilikuwa ni chumba tu. Nimemlilia mtu ambaye sikuwahi kumwona uso.

Nimefungua zile nguo, nimezirudisha kwenye msumari. Watu wananiamkia sasa, wameniuliza jina, ingawa wanalitamka vibaya. Mhariri wa Olympic amenipa hadithi nyingine tatu. Afya yangu inarudi. Lakini zipo alasiri nikisoma nanyamaza katikati ya sentensi, naacha nafasi, na sijui namngoja nani.

Nisalimie Mafuru kaka yangu, mwambie najua akisikia haya atataka kuja kunichukua, na nimekataa kwa heshima. Nisalimie shangazi Nyakwesi aliyenipa kanga za safari, zimenifunika kliniki. Nisalimie babu mdogo wa pale kisimani, na mama yangu wa ubatizo, na watoto wote wa wifi, kila mmoja kwa jina lake asije mmoja akanuna. Wifi, asante kwa kusoma bila kuruka.

Neno la mwisho ni lako, mama. Usimtume mtu. Goti likitulia, panda wewe mwenyewe basi la Sirari, nitakungoja upande huu wa mpaka. Uje upande ngazi hizi polepole tukiwa wote wawili, ukae kitandani kwangu, ule nilichopika, ukosoe. Uniite kwa sauti yako hiyo humu ndani, na mimi nikuitikie.

Ni mimi binti yako,
Nyangeta.